King'ora Kilichomwita Mtu wa Tunduma: Kisa cha Nyumba Moja ya Goba

Wezi waliingia kwa mlango wa uani yapata saa tisa usiku, umeme ukiwa umekatika mtaa mzima. Nyumba ilikuwa na king'ora kilichonunuliwa Kariakoo miezi michache nyuma. Walikata kufuli la grili kwa mkasi wa chuma, wakasukuma mlango wa jikoni, wakabeba televisheni, kompyuta ya mama, mtungi wa gesi na simu ya dada wa kazi. Bibi ndiye aliyesikia. Akatafuta rimoti gizani, akabonyeza, king'ora kikalia. Hakuna jirani aliyetoka. Ujumbe wa tahadhari ulikwenda kwenye namba moja tu, ya baba mwenye nyumba, dereva wa lori, ambaye usiku huo alikuwa kwenye foleni ya mpaka wa Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kutoka kwake. Hakuna aliyeguswa, na kwa hilo familia inamshukuru Mungu.

Niliitwa kuwachagulia mfumo mwingine. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu, bila majina, kwa sababu maswali yaliyojitokeza humo ndiyo ambayo watu wengi hawayaulizi wanaposimama mbele ya kaunta ya duka. Pale huulizwa ina sensa ngapi, inatuma meseji au haitumi, ina dhamana ya muda gani. Mama mwenye nyumba alianzia kwingine kabisa. Aliniambia: "Fundi, mimi sitaki kelele tena. Nataka mtu aje."

Maneno hayo ndiyo yaliyoamua yote yaliyofuata. King'ora ni ujumbe, na ujumbe lazima uwe na mtu wa kuupokea. Ukishamjua atakayekuja na dakika atakazotumia, vifaa vinavyohitajika vinaanza kujulikana. Ukianza na vifaa, utaishia kuwa na kelele.

Nyumba iko Goba, Dar es Salaam, kwenye barabara ya vumbi inayoshuka kutoka lami. Ina vyumba vitatu, sebule, jiko linalotazama uani, stoo, na ukuta wa tofali uliopandwa vipande vya chupa. Upande mmoja mwembe wa jirani umeinamia ndani. Mama anaendesha duka la dawa na hurudi usiku. Kuna watoto wawili wa shule, bibi ambaye ni mama yake baba, na dada wa kazi. Baba huwa safarini kati ya Dar na Kolwezi, Kongo, akipitia Zambia, na akivuka mpaka hubadili laini ya simu. Jambo kubwa hapa ni kwamba nyumba hii haibaki tupu. Usiku wowote kuna watu wasiopungua wanne ndani, na mmoja wao huamka kabla ya alfajiri kwa ajili ya sala.

Seti waliyokuwa nayo haikutengenezwa kwa ajili ya nyumba ya namna hii. Ilikuwa na paneli ndogo, yaani kisanduku kinachoongoza mfumo, yenye tundu la laini ya simu, sensa mbili za mwendo, swichi tatu za sumaku za milangoni, rimoti mbili na king'ora kidogo cha ndani, vyote bila waya. Seti kama hizi zinauzwa kwa wingi, na kwa fremu ya duka inayofungwa jioni na kufunguliwa asubuhi zinaweza kufaa. Lakini sensa ya mwendo huhisi joto la mwili linalopita mbele yake, na haijui huyu ni mwizi na huyu ni bibi anayekwenda kuchukua udhu. Ya sebuleni ilimpigia bibi kelele usiku wa kwanza kabisa. Ilimpigia pia mjusi aliyekuwa akipita juu ya lenzi kuwafuata wadudu. Ikalia na mchana pazia lilipopepea kwenye dirisha lenye jua. Kwa wiki kadhaa mtaa mzima ulikuwa ukisikia king'ora na kukuta hakuna kitu. Jirani wa ukuta wa pili aliniambia waziwazi kwamba alikuwa ameacha kabisa kuamka.

Baadaye wakagundua kitufe cha kulinda nyumba watu wakiwa ndani, kinachozima sensa za mwendo na kuziacha swichi za milango. Walikuwa wakikitumia kila usiku, kwa uaminifu, na usiku wa wizi pia walikibonyeza. Basi kwa nini mlango wa jikoni ulifunguliwa na paneli ikanyamaza?

Nilifungua swichi ya mlango ule nikaipima betri: ilikuwa imekwisha. Kwa muda gani, hakuna awezaye kusema. Paneli ilikuwa bado inaonyesha taa ya kijani. Sensa za bei ya chini za masafa ya megahezi 433 huzungumza upande mmoja tu. Swichi hutuma ishara mlango unapofunguliwa, basi. Haitumi salamu ya kusema bado nipo, na paneli haina njia ya kuiuliza. Kwa paneli ya namna hiyo, ukimya wa swichi iliyokufa na ukimya wa mlango uliofungwa vizuri ni kitu kimoja. Msimbo wanaotuma nao haubadiliki, kwa hiyo rimoti yake inaweza kunakiliwa na mtu mwenye kifaa kidogo cha bei rahisi. Ziko seti bora zisizo na waya, ambazo sensa hujitambulisha kwa paneli kila baada ya muda na betri ikishuka unaambiwa. Anayenunua mfumo usio na waya aulize hilo kabla ya kuuliza rangi na idadi ya rimoti: sensa ikifa, nitajuaje? Muuzaji asipoelewa swali, ondoka.

Lakini hata betri ingekuwa mpya, bado pangekuwa na tatizo, na hili naliona zito kuliko yote. Swichi ilikuwa kwenye mlango wa mbao, na mlango wa mbao uko nyuma ya grili. Mwizi alitumia muda wake wote kwenye kufuli la grili, nje, na huko hapakuwa na kitu cha kumsikia. Mlango wenyewe, wenye kitasa cha kawaida, haukumchukua muda wowote. King'ora kingelia wakati kazi ngumu imeshakwisha na sebule iko hatua chache mbele. Katika kazi yetu kanuni ni hii: kinachogundua kikae mbele ya kinachochelewesha. Nondo na grili vinakununulia dakika, lakini dakika hizo zinahesabika tu kama kuna mtu amekwisha kuitwa. Grili imara isiyo na sensa inamchelewesha mwizi huku wewe umelala.

Kwa maelezo ya bibi, tangu aliposikia chuma kikilia hadi wezi walipotoka ni kama dakika 7. Hizo ndizo dakika tulizokuwa nazo, na swali la mama likawa na umbo: nani anaweza kufika uani hapa ndani ya dakika 7?

Miaka ya 1960, huko Queens, New York, nesi aitwaye Marie Van Brittan Brown alijikuta kwenye swali la jamii hiyohiyo. Yeye na mumewe, fundi wa elektroniki, walikuwa na saa za kazi zisizolingana, na polisi walichelewa kufika mtaani kwao. Waliomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mfumo wao mwaka 1966 wakaipata Desemba 1969: kamera iliyosogea juu na chini kwenye matundu ya mlango, skrini chumbani, kipaza sauti cha kuzungumza na aliye nje, swichi ya kufungua mlango kwa mbali na kitufe cha kuita msaada. Namtaja kwa sababu wengi hukumbuka kamera yake na kusahau kilichomsukuma. Tatizo lake lilikuwa msaada uliochelewa, na kila sehemu ya mfumo ule ilijaribu kumpa muda au kumwita mtu.

Turudi Goba. Baba, kwa simu kutoka Zambia, alitaka kamera. Nilimwelewa. Mtu aliye mbali na watoto wake anataka kuwaona. Lakini kamera za nyumbani hutegemea ruta, na ruta hutegemea umeme. Ukikatika, kama ulivyokatika usiku ule, picha inakatika pia isipokuwa kuwe na betri ya akiba. Na hata ikiendelea, baba akiwa Kolwezi akaona watu uani kwake, bado atalazimika kumpigia mtu aliye Goba. Kamera ingefaa kwa ushahidi, kwa kuona nani yuko getini kabla ya kufungua, na kwa moyo wa baba. Haikuwa jibu la dakika 7. Nilimwambia hivyo, na nilimwambia pia kwamba pesa ikipatikana, ya kwanza iwekwe getini, si sebuleni kwa watoto.

Fensi ya umeme ilipendekezwa na shemeji yao. Ni kinga nzuri, na mimi huipenda kwa sababu inagundua na kuchelewesha ukutani kwenyewe, kabla mtu hajakanyaga uani. Mashine yake hutuma mapigo ya maelfu ya volti, takriban moja kila sekunde, yenye nguvu ndogo isiyokusudiwa kuua. Shida ni ule mwembe. Tawi lililolowa likigusa waya, umeme unavuja, mashine inalia. Ikilia kila mvua, tumerudi kwenye mjusi wa sebuleni. Nikaiweka pembeni hadi mti ushughulikiwe.

Kisha kampuni za ulinzi zenye gari la doria. Hapa niliwaomba wasisaini chochote kabla ya jaribio. Kampuni ya kwanza ilisema gari hufika mara moja, ila haikukubali kujaribiwa usiku. Ya pili ilikubali. Tulibonyeza kitufe baada ya saa sita usiku, siku kavu, na gari likafika baada ya dakika 18. Vijana walikuja kwa nidhamu, na kiongozi wao alisema ukweli ambao afisa mauzo hakuusema: gari moja linahudumia eneo kubwa, na wakati wa masika barabara ile ya kushuka huteleza. Kampuni ile ilinipa imani kwa ukweli huo. Tena redio yao ya kupeleka taarifa haitegemei mtandao wa simu, na hiyo ni faida kubwa. Lakini 18 ni zaidi ya 7.

Polisi wapo, na namba 112 lazima iwe kichwani mwa kila mtu wa nyumba hata mtoto, ila sikuweza kujenga hesabu ya dakika 7 juu yao. Waliobaki ni majirani, wale wale waliochoshwa na mjusi.

Hesabu ikawa na pande mbili basi: kurefusha zile dakika 7, na kuwarudisha majirani. Sehemu ya kwanza ya fedha haikwenda kwenye elektroniki hata kidogo. Ilikwenda kwa fundi wa kuchomelea. Grili ya uani iliwekewa kasha la chuma linalolifunika kufuli ili mkasi usipate pa kuuma, na komeo mbili za ndani, juu na chini. Mlango wa mbao ukabadilishwa kitasa na kuongezewa komeo. Mama aliuliza kwa nini fundi wa king'ora anaanza na grili. Nilimjibu kwamba mkataba wa kampuni unaweza kuanza mwezi wowote, lakini grili dhaifu ni dhaifu leo usiku.

Mfumo tuliochagua ni wa waya. Nyumba tayari inakaliwa, hivyo kulikuwa na kazi ya kupitisha waya darini na kuchimba ukuta mahali pachache, na vumbi lake bibi alilivumilia kwa subira. Nilipendelea waya kwa sababu moja: mkondo mdogo unapita muda wote kwenye kila mstari, ukikatwa paneli inajua papo hapo. Hapo hakuna ukimya wa kudanganya. Swichi za sumaku, za aina nzito ya chuma, ziliwekwa kwenye grili ya uani na grili ya mbele, kisha nyingine kwenye milango ya mbao kama hatua ya pili. Juu ya uani, chini ya paa, tuliweka sensa ya nje ya teknolojia mbili, inayohitaji joto na mawimbi ya maikrowevu vikubaliane ndipo ilie. Kwa joto la Dar hilo si anasa. Sensa ya joto pekee huona tofauti kati ya mwili na mandhari, na jioni ambapo ukuta umepikwa na jua kutwa nzima tofauti hiyo hupungua sana. Nimeiweka kwenye urefu wa mita 2.2, ikitazama sambamba na ukuta ili anayetoka mwembeni kwenda jikoni aikatishe badala ya kuielekea, maana sensa hizi huona vizuri zaidi kinachopita upande kwa upande. Tundu la waya nimeliziba kwa silikoni. Wadudu wakiingia, mjusi atawafuata.

Sebuleni hakuna sensa ya mwendo. Muuzaji mmoja alishangaa. Nyumba yenye watu wanne usiku haihitaji kitu kitakachozimwa kila usiku.

Betri ilihitaji hesabu. Paneli, kipadi cha namba, sensa na kifaa cha simu, vyote vikiwa vimetulia, vinakula karibu miliampea 270. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ingevibeba takriban saa 26 ikiwa mpya. Mimi huhesabu nusu, kwa sababu betri huzeeka na king'ora chenyewe kikilia hula sana. Saa 13 zinatosha kwa usiku mmoja, hazitoshi kwa mgawo. Walioishi Dar mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mashine za kwanza za Bwawa la Julius Nyerere hazijaanza kuzalisha, hawahitaji kuelezwa. Tukaweka betri kubwa zaidi, na paneli tukaipeleka stoo, si darini. Chini ya bati joto ni kali mno, na betri hizi zilizofungwa hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 juu ya 25. Tarehe ya kufungwa imeandikwa kwa kalamu nzito ubavuni mwa betri.

Laini ya simu ya paneli ilinichukua muda kuliko nilivyotarajia, na ni eneo linaloharibu mifumo mingi mizuri. Ya zamani ilikuwa imesajiliwa kwa alama za vidole za kijana wa dukani. Ingefungiwa, familia isingeweza hata kuirudisha. Mpya imesajiliwa kwa jina la mama. Ina salio la kawaida, si kifurushi tu, kwa sababu kifurushi huisha muda wake kimyakimya. Na paneli sasa inapiga simu kwanza, kisha ndiyo hutuma meseji. Meseji ya saa tisa usiku husomwa asubuhi. Wapokeaji wamehifadhi namba ya paneli kwenye simu zao kama namba inayoruhusiwa kulia hata simu ikiwa kimya. Mpangilio ni huu: jirani wa kushoto, jirani wa mbele, kiongozi wa vijana wa ulinzi shirikishi, mama, na baba mwishoni. Baba hakufurahi kuwa wa tano. Nilimweleza kwamba kila mlio unaomwita yeye kwanza ni sekunde zinazopotea kabla ya kumwita mtu mwenye viatu mlangoni Goba. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema sawa.

Bibi alipewa kitufe chake, kimoja, kikubwa, kilichofungwa ukutani kando ya kitanda mahali ambapo mkono unafika bila taa. Rimoti yenye vitufe vinne vidogo haimfai mtu mzima anayeamka na hofu. Nilimwamkia, nikamwomba akijaribu akiwa amelala na macho yamefumbwa. Alikipata mara ya kwanza.

Kuhusu majirani, kazi hiyo haikuwa yangu, ila nilimwomba mama asiache. Alikwenda na mwenyekiti wa serikali ya mtaa nyumba kwa nyumba, akaomba radhi kwa kelele za zamani, akawaeleza kwamba king'ora kipya, kilichowekwa nje juu ukutani, kitalia kwa sababu mbili tu: mtu anajaribu kuingia au bibi ameita. Waliafikiana pia nini kifanyike. Hakuna kuruka ukuta kupambana. Kila mmoja awashe taa zote za nje, apige filimbi, apige simu, na watoke wakiwa zaidi ya mmoja. Wezi wa namna hii hutegemea giza na usingizi wa watu.

Jaribio lilifanywa usiku, wote wakijua wiki lakini si siku. Taa za jirani wa kushoto zilikuwa zimewaka kabla ya dakika 2, filimbi ya kwanza ikasikika muda mfupi baadaye, na vijana wa ulinzi shirikishi walifika ndani ya dakika 6. Jirani wa mbele hakuamka. Kumbe king'ora kilielekea bondeni na ukuta wa nyumba yake unazuia sauti, na simu yake ilikuwa imeisha chaji. Tulikigeuza king'ora, na nafasi yake kwenye orodha akapewa kijana wake mkubwa.

Gharama yote, grili ikiwemo, ilifika kama mara tatu ya bei ya seti ya Kariakoo. Mkataba wa gari la doria mama ameupanga kuanza duka likitengemaa, na paneli ina nafasi ya kupokea redio yao bila kubadilisha kitu. Mwenye mwembe amekubali tawi lipunguzwe msimu wa embe ukiisha. Hapo ndipo tutazungumza tena habari ya fensi. Kilichonisumbua hadi naondoka ni mita na swichi kuu, ambavyo viko ukutani nje, mtu yeyote akiingia uani anaweza kuzima umeme wa nyumba. Paneli imepangwa kumpigia mama umeme ukikosekana kwa dakika chache, na mama akiona taa za jirani zinawaka wakati zake zimezimika, anajua hilo si TANESCO.